Wiki sita za kuugua kwa kuigiza: maoni yangu kuhusu mafunzo ya wanafunzi wa famasia

Mimi si mfamasia. Ni mwalimu mstaafu mwenye pumu tangu utotoni. Chuo kimoja kilitafuta watu wazima wa kujifanya wagonjwa ili wanafunzi wa famasia wa mwaka wa tatu wajifunze kuzungumza na anayekuja kuchukua dawa, nikajitolea. Kila Jumatano mchana, kwa wiki sita, nimeugua kila kitu isipokuwa ujauzito, na huo nao niliukwepa kwa sababu ya umri tu.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Daktari Howard Barrows alianza kuwafunza watu wazima wa afya waigize wagonjwa mwaka 1963, huko Los Angeles. Upande wa famasia, wasomi Hepler na Strand waliandika mwaka 1990 kwamba kazi ya mfamasia haiishii kwenye kutoa dawa sahihi. Anawajibika pia kwa kile ambacho dawa hiyo inamfanyia mgonjwa. Mhadhiri alitusomea hayo siku ya kwanza, kisha akatugawia vikaratasi vya maradhi yetu.

Kikaratasi changu cha kwanza: nina kifua kikuu, nimeanza dawa wiki mbili zilizopita, na siku nne hizi nimeacha kumeza bila kumwambia mtu kwa sababu mkojo umegeuka mwekundu na naamini ni damu. Sharti ni kwamba nisiseme hadi niulizwe vizuri. Basi wakaja. "Dawa unameza kila siku?" Ndiyo. "Una tatizo lolote?" Hapana. "Umeelewa?" Nimeelewa. Tukaagana kwa furaha, mimi na kifua kikuu changu. Wanafunzi saba walipita hivyo hivyo, na kila mmoja alitoka akiamini amefanya vizuri.

Wa nane alikuwa binti mkimya ambaye sikumtarajia. Aliweka kalamu chini akasema, "Tangu uanze dawa hizi, ni kitu gani kimekutia wasiwasi?" Halafu akanyamaza. Nikatazama dirishani, naye akaendelea kunyamaza. Nawaambieni, ule ukimya ulinitoa maneno. Akanieleza kuwa rangi ile inatoka kwenye rifampisini yenyewe, mojawapo ya dawa za kifua kikuu nilizopewa, inaweza kuonekana hata kwenye jasho na machozi, na si damu. Lakini hakuishia kwenye kunituliza: aliniuliza kama macho yamekuwa ya njano au kama natapika, akaniambia dalili hizo zingekuwa jambo jingine la kukimbilia hospitali, na akataka turudi pamoja kwa wanaonitibu tuwaambie siku nne nilizoruka. Dakika sita, yote hayo.

Mafunzo yenyewe nayapa alama za juu kwa hapo. Wanafundishwa maswali matatu yaliyotoka kwenye huduma ya afya ya Wahindi Wekundu wa Marekani: daktari amekuambia dawa hii ni ya nini, amekuambia uitumie vipi, na amekuambia utarajie nini. Uzuri wake ni kwamba mgonjwa ndiye anayeanza kusema, na mfamasia anajaza mapengo tu. Mwishoni mwanafunzi haulizi "umeelewa?" bali anasema, "Nataka nijue kama nimeeleza vizuri, hebu niambie utakavyoitumia nyumbani."

Wiki ya tatu mambo yakanigeukia. Niliigiza mwenye pumu, kazi niliyoidhani rahisi. Kijana mmoja, badala ya kunihubiria, alinipa pampu isiyo na dawa: "Mama, nionyeshe unavyovuta kila siku." Nikamwonyesha. Akauliza kwa upole kama huwa sitikisi pampu kwanza. Sitikisi. Akaniambia nitoe pumzi nje, nibonyeze palepale ninapoanza kuvuta, nivute polepole na kwa kina, kisha nibane pumzi kwa sekunde kumi kama naweza. Mimi nilikuwa nabonyeza, nashtuka, halafu navuta kwa haraka kama mtu anayenusa ugoro. Miaka yote hiyo nimekabidhiwa pampu dirishani, na hakuna aliyewahi kuomba kuniona nikiitumia. Nilisahau kuigiza.

Sasa malalamiko. Karatasi ya alama ina kisanduku cha "ameonyesha huruma", na wanafunzi wamekigundua. Ikifika dakika ya pili, wote wanasema, "Pole sana, naelewa unavyojisikia." Nimeambiwa hivyo nikiwa nimekuja kuuliza dawa ya fangasi ya vidole vya miguu.

Kibaya zaidi ni siku ya methotreksati. Nilikuwa na baridi yabisi. Daktari kaandika nimeze dawa hiyo ya methotreksati mara moja kwa wiki, mimi nikawa nameza kila siku. Kosa hilo huua watu kweli. Mwanafunzi aliniuliza jina, umri, mzio na ninapohifadhi dawa, akanipa pole yake, akaniaga. Siku ninazomeza hakuuliza. Karatasi ikampa alama 8 kati ya 10, kwa sababu visanduku vinane vilikuwa na tiki. Nilimwambia mhadhiri kwamba mgonjwa huyu yuko njiani kwenda kufa akiwa na mfamasia mwenye alama nzuri. Tukabishana hadi kengele ikalia. Wiki iliyofuata karatasi ilikuwa na mstari mpya: ukikosa jambo la hatari, umefeli kituo hicho, yaani zoezi la mgonjwa huyo, hata kama mengine yote ni sawa. Kwa kubadilika hivyo, nawasifu.

Kuna hili la faragha pia. Vituo vimetengwa kwa mapazia. Mwanafunzi anafundishwa kulinda siri ya mgonjwa huku mimi nikisimulia habari za choo na jirani yangu wa pazia la pili akicheka. Wakizoea hivyo chuoni, sioni kitakachowafanya wapunguze sauti mbele ya foleni.

Wameniomba nirudi muhula ujao, niwe mama anayempimia mtoto dawa ya maji kwa kijiko cha jikoni. Nimekubali, ila nimewaambia safari hii nataka chumba chenye mlango.