Mafunzo ya raga: kushambulia kutoka kwenye mele, Lubumbashi

Jumamosi mbili, muda wa saa tatu kila moja. Mele ni pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanaposhikamana na kusukumana kugombea mpira. Timu yenye namba 8 (mchezaji wa nyuma kabisa kwenye mele) mwepesi wa miguu haitajutia pesa yake.

Kilichofundishwa vizuri kuliko vyote ni shambulio la kulia. Namba 9 wa wapinzani, yule anayeunganisha mele na mabeki, anakaa kushoto, mpira unakoingizwa, kwa hiyo kulia kuna nafasi. Kwanza namba 3, wa mstari wa mbele upande wa kulia, asukume: upande wa kulia ukisogea mbele hata nusu mita, flanka wao (mchezaji wa pembeni mwa mele) anarudishwa nyuma, naye haruhusiwi kujiachia mapema. Hapo 8 anaokota, anakimbia hatua tatu, anamvuta mlinzi, ndipo anampa 9. Wengi wanaharibu kwa kuinua kichwa kabla mikono haijaushika mpira. Unabaki miguuni, mele inageuka. Kosa lingine ni la namba 10, beki anayeongoza mashambulizi: anasimama karibu mno na kuzila bure zile mita 5 ambazo mabeki wapinzani wanalazimishwa kukaa nyuma ya mele.

Upande wa kushoto uligusiwa tu. Mawinga walisimama kama watazamaji.

Kiangazi, udongo mwekundu wa uwanja unakuwa mgumu kama tofali. Njumu fupi zinateleza, na mele inaanguka kabla ya zoezi kuanza. Ulizeni kwanza watatumia uwanja gani.