wxWidgets kwenye mizani ya kahawa: nyota nne

Nilimtengenezea karani wa chama chetu cha msingi cha ushirika, huku Kibosho, programu ya kuandika kilo za kahawa. Mezani kwake kuna Windows. Mimi Moshi mjini natumia Linux. Siku moja nikapanda na laptopu yangu kumwonyesha toleo jipya. Kwa mazoea akabonyeza kitufe cha kushoto kwenye skrini, na kilo za mzee mmoja zikapotea, mwenyewe kasimama pale akisubiri gunia la pili lipimwe.

"Kaka, mbona umehamisha Ghairi?"

Sikukihamisha. Programu niliiandika kwa wxWidgets, maktaba ya msimbo ya kutengenezea madirisha na vitufe. Humo unasema kitufe hiki ni wxID_OK (Sawa) na kile ni wxID_CANCEL (Ghairi), unavitia ndani ya kipangaji kiitwacho wxStdDialogButtonSizer, basi. Kwenye Windows, Sawa hutangulia. Kwenye Linux yenye GTK, yaani zana zake za madirisha na vitufe, Sawa hukaa mwisho kulia. Wewe unataja maana, kupanga ni kazi ya mfumo uliopo. Mzee hakufurahi, lakini mimi hapo ndipo nilipoipenda. Mradi huu ulianza mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Edinburgh, na zile w na x za jina ni Windows na X, mfumo wa madirisha wa Unix. Mifumo miwili tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubuni kiolesura chake, yaani amri tunazoziandika sisi watengeneza programu, kwa kutazama mmoja tu.

Ila si kila kona iko hivyo. Nilipotaka kisanduku cha maandishi ya msimu mzima nikakutana na chaguo liitwalo wxTE_RICH. Hilo lina maana kwenye Windows tu, kwingine linapuuzwa. Zama za Windows 9x (kama 95 na 98) lilihitajika ili kisanduku kibebe zaidi ya KB 64. Sasa mimi wa Linux yananihusu nini? Kiolesura kingeniuliza kama maandishi ni mengi au machache, ningejibu. Kinaniuliza habari za tumbo la Windows. Nyota moja nimeikata hapo, na sirudishi.

Bei? Bure, na leseni yake inaniruhusu kukiuzia chama programu bila kutoa msimbo wangu. Nyaraka zinasomeka. Vitufe ni vya mfumo wenyewe, si vya kuchorwa, hivyo karani hakuona kitu kigeni mpaka siku ile ya laptopu.

Siku hizi napanda Kibosho na flashi tu.