TAHADHARI: turbo ya "asilimia 85" inayozungushwa Kampala

Ndugu madereva na wenye magari, hasa nyie wa Toyota Surf na Prado zenye injini ya dizeli ya 1KZ: kuna jamaa anauza turbo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) kwa picha za simu. Hana duka, mnakutana kando ya barabara Ndeeba. Mimi amenila shilingi 1,600,000. Jina siandiki, maana alinipa mawili na huenda yote si yake.

Turbo yangu ya kiwandani, CT12B, ilikuwa imeanza kunywa oili. Nilitaka tu ifufuliwe. Huyu bwana akaniambia, "Ssebo, hiyo ni ya kizamani. Chukua hii, kompresa kubwa, ufanisi asilimia 85, imetoka Japani juzi." Kompresa ni ile feni ya turbo inayobana hewa, na ufanisi ni kipimo cha inavyoibana bila kuichemsha ovyo. Kwenye kibati kulikuwa na namba zimegongwa vizuri, na 85 yenyewe ipo. Akaja na geji ya presha, fundi wake akaifunga palepale, tukatoka kidogo Masaka Road. Nilipokanyaga mafuta, sindano ikapanda mpaka bar 0.8. "Unaona?" Nikaona. Nikalipa.

Sasa sikilizeni, maana mchezo wenyewe uko kwenye hiyo geji. Geji inaonyesha presha tu. Haikuambii hewa imepata joto kiasi gani wakati inabanwa, na kompresa mbovu hufikisha presha ileile huku ikiichemsha hewa zaidi. Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo inayoingia kwenye silinda ni pungufu ingawa sindano imesimama palepale.

Nilikuja kulijua hili Mbarara, nikielekea Kabale na mzigo. Tangu Lyantonde gari lilikuwa zito, moshi mweusi nyuma kama lori la makaa, na kwenye mlima injini ikiwa mizunguko 2,200 hivi kwa dakika turbo ilikuwa inakohoa: kuh-kuh-kuh, usukani unatetemeka. Fundi mmoja mzee pale Mbarara hakufungua kitu kwanza. Alipenyeza waya wa kipimajoto kwenye bomba kabla ya intakula (kipoza hewa), tukapanda mlima. Hewa inaingia ikiwa nyuzi 25, inatoka kwenye kompresa ikiwa 148.

Akachukua karatasi. Mbarara iko juu, mita 1,400 na kitu, hewa ya kawaida pale ina kama bar 0.85, si bar 1 ya pwani. Ongeza 0.8 ya turbo unapata 1.65, gawanya kwa 0.85: uwiano 1.94. Kwa uwiano huo, kompresa yenye ufanisi wa asilimia 75 ingetoa hewa ya nyuzi 108 hivi. Ya kwangu kwa 148 ni kama asilimia 50. Kabla hewa haijapoa, hiyo peke yake ni upungufu wa karibu asilimia 10 ya hewa, na sindano imekaa 0.8 vilevile. Na 85 ile? Kompresa nzuri za magari, mahali pake pazuri kabisa, hufika 75 mpaka 80 hivi. Anayekutajia 85 ya turbo ya Surf anakusomea namba aliyoigonga mwenyewe kwa nyundo.

Halafu hata namba ya kweli haisimami peke yake. Kila kompresa ina ramani yake: chini wanaweka uzito wa hewa kwa dakika, pembeni uwiano wa presha, na katikati kuna duara ndani ya duara kama visiwa. Kisiwa cha ndani ndipo ufanisi ulipo juu. Ukitoka kulia hewa inakwama, ukitoka kushoto hewa inarudi nyuma, na huko ndiko kukohoa. Injini ya lita 3 ikiwa 3,600 na presha ya 0.8 inavuta kama kilo 8 za hewa kwa dakika. Ikiwa 2,200 ni kilo 5. Tulipopima feni ya kompresa kwa venia (kipimo cha milimita), mdomo wa kuingizia ulikuwa milimita 49, upande mpana 71. Hilo ni dude la kuhitaji hewa nyingi kuliko 1KZ ya kubeba mzigo. Kwa kilo 5 limeshatoka nje ya ramani kushoto. Hapo hata ingekuwa orijino lingenikohoa tu.

Wala haikuwa orijino. Kibati kilisema trimu 56, yaani namba ya kulinganisha mdomo wa feni na upande wake mpana. Chukua 49 gawanya kwa 71, zidisha jibu kwa lenyewe, halafu mara 100: ni 48. Kava lilikuwa limechongwa upya kwenye mashine, feni ya turbo nyingine imetiwa ndani, na nafasi kati ya feni na kava upande mmoja ilipitisha kucha yangu. Hewa inarudi hapo hapo, joto linazaliwa hapo hapo. Grisi nzito ilikuwa imepakwa ili shafti isicheze ukiitikisa. Ilipooshwa ikacheza. Kwenye bomba tukakuta vipande vya alumini. Namshukuru Mungu silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) haikupasuka, maana wenye 1KZ mnajua hedi hii na joto si marafiki.

Kwa hiyo ukikutana na muuzaji yeyote, si huyu tu, beba venia na petroli kidogo. Osha grisi mwenyewe mbele yake, tikisa shafti, pima feni, piga hesabu ya trimu. Omba ramani ya kompresa. Akikuletea, usisome ufanisi kwa hesabu ya pwani: presha ya 0.8 Mombasa ni uwiano wa 1.79, Kabale ni 2.01. Na usikubali kibati chenye rivati mpya kwenye chuma cha zamani.

Kwangu mimi CT12B ya zamani ilifufuliwa Mbarara kwa katriji mpya (kiini cha ndani chenye shafti na feni), gari linapanda Kabale bila moshi.

Risiti aliyonipa imeandikwa "spea 1, hairudishwi", basi. Mashtaka yake yana kazi, lakini polisi nimeandikisha. Simu zake zimezimwa. Juzi nimetumiwa tangazo la turbo ya Canter, namba ya simu nyingine, ila picha imepigwa juu ya kigae kilekile cha buluu chenye ufa kwenye kona, na rula ya plastiki iliyovunjika kwenye 24. Ukiona kigae hicho, ni yeye.