Soksi ya goti: mshono safi, boksi lina maneno mengi

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo soksi hii ya kubana goti niliigeuza ndani nje kabla ya kuivaa. Mshono umelala bapa, na nyuma ya goti, pale ngozi inapojikunja, kitambaa kimefumwa chepesi kisifinye ukikaa. Hapo aliyeitengeneza alifikiri. Kero ni ule mpira wa pindo la juu: paja likitoka jasho, unawasha.

Boksi linadai eti nyuzi za shaba zilizofumwa humo hurudisha gegedu. Goti langu la kulia lina osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kulika kwa gegedu la kiungo. Kwenye eksirei nafasi kati ya mifupa imepungua na pembeni kuna vichomozo vidogo vya mfupa. Gegedu ndilo tabaka la utelezi linalofunika ncha za mifupa. Halina mishipa ya damu, ndiyo maana likishalika halijijengi upya kama ngozi iliyochubuka. Hata mishipa ya fahamu halina. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake na kwenye utando wa kiungo. Shaba iliyo juu ya ngozi itafika huko kwa njia gani?

Inachotoa ni joto na kubana, basi. Asubuhi goti huamka limekaza, likalegea kabla ya nusu saa kwisha. Nikiinuka baada ya kushona kwa muda mrefu ni vilevile. Nikiwa nimeivaa, hatua za kwanza haziniogopeshi, na ngazi nashuka bila kung'ang'ania ukuta (kushuka kunaniumiza kuliko kupanda). Maumivu hupungua kidogo tu. Lakini kidogo hicho kinaniwezesha kufanya mazoezi ya msuli wa mbele ya paja niliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia, na msuli huo ndio unaolipunguzia goti kazi. Kwa hilo naipa nyota 3 kati ya 5. Anayeitaka ili apate kukaa tu, asiinunue.

Saizi usikisie kwa suruali. Zungusha futi ya kupimia kama boksi linavyoelekeza, na upime jioni kama goti lako huvimba kutwa. Mguu ukifa ganzi, ivue mara moja. Mwenye shida ya mzunguko wa damu miguuni amuulize daktari kwanza. Kulala nayo hapana. Ifue kwa mkono, maji baridi, uianike kivulini, maana jua kali hulegeza mpira.