Stashahada ya mazingira katika chuo cha kati, Iringa: mtoni tulisoma, maabara tulingoja

Nimehitimu stashahada ya sayansi ya mazingira katika chuo kimoja cha kati mkoani Iringa, ambacho sitakitaja kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia hapa yanarekebishika. Niliingia kwa cheti cha kidato cha nne, nikaanzia ngazi ya 4 (cheti cha awali) na kumaliza ngazi ya 6 (stashahada) baada ya miaka mitatu.

Ubora wa kozi hii unatokana zaidi na mahali chuo kilipo. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nyakati za kiangazi tangu mwaka 1993, na mkufunzi wetu wa elimu ya maji hakuridhika kulisema hilo ubaoni. Alitupeleka bonde la Usangu, maji ya mto huo yanakotoka, tukafuata mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mbarali, tukaona jinsi maji yanavyochepushwa kabla ya kufika ardhioevu ya Ihefu, kisha akatutaka tueleze nani abanwe kwanza: mkulima, mfugaji, au mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu inayoyategemea maji hayohayo. Tulibishana ndani ya basi mpaka Makambako.

Siku niliyojifunza zaidi, hata hivyo, ilikuwa karibu na mjini, kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tulivuta futi kamba kutoka kwenye kijito, na kabla hatujafika mita 60 bustani yote ya mama mmoja, pamoja na mboga zake za kiangazi, ilikuwa imekwisha. Akatuuliza, "Sasa wanangu, hapo mkishapima, mimi nikalime wapi?" Hakuna aliyemjibu. Ripoti yangu ya siku hiyo niliiandika mara tatu, kwa sababu kifungu kile nilichokikariri kwa ajili ya mtihani kilikuwa sasa na mwenyewe aliyesimama mbele yangu na jembe mkononi.

Maabara ndiyo iliyoniangusha. Kipimo cha oksijeni inayotumiwa na vijidudu katika maji machafu huhitaji sampuli ikae gizani siku 5 katika nyuzi joto 20 bila kuyumba. Siku ya tatu ya kipimo chetu umeme ulikatika usiku kucha, jenereta haikuwa na mafuta, na kabati la kutunzia joto likawa kabati tu. Tulipewa takwimu za mwaka uliotangulia tuziandikie ripoti kana kwamba ni zetu. Kwa fani inayofundisha watu kupima, hilo sikulikubali wakati ule na silikubali leo. Vipima pH (kiwango cha asidi) navyo vilikuwa viwili kwa darasa zima.

Nafasi za mafunzo kwa vitendo kila mwanafunzi alijitafutia mwenyewe. Nauli za ziara hazimo ndani ya ada, jambo ambalo hatukuambiwa wakati wa usajili.

Mdogo wangu anataka kuomba nafasi hapohapo, na sijamkataza. Nimemwambia anunue mabuti ya mpira na koti zito la baridi ya Juni, na kabla ya kulipa ada aombe kuonyeshwa maabara, kabati likiwa limewashwa.