Gemu ya mpira ya kila mwaka: nunua sasa, subiri Novemba, au ruka msimu?

FC, gemu ya mpira ya kampuni ya EA Sports, hutoka kila mwaka: FC 24 ilitoka tarehe 29 Septemba 2023, FC 25 tarehe 27 Septemba 2024, FC 26 tarehe 26 Septemba 2025. Jina lilibadilika baada ya FIFA 23, EA Sports na shirikisho la FIFA walipoachana, lakini ratiba haikuguswa. Kila Septemba mwenye konsoli anaulizwa swali lilelile, na jibu linategemea kujua unalipia nini. Sehemu kubwa ya bei ni msimu: vikosi vipya, jezi mpya, na umati wa watu wa kucheza nao mtandaoni. Mpira wenyewe uwanjani husogea hatua ndogo ndogo.

Hatua za maana zinahesabika. FIFA 17 ilihamia injini ya Frostbite, yaani programu inayoendesha gemu yenyewe. FIFA 22 ilileta HyperMotion, miondoko iliyonaswa kutoka kwa wachezaji 22 wakicheza mechi, ila wenye PS4 na Xbox One hawakuipata. FIFA 23 iliwawezesha wa PS5, Xbox Series na PC kukutana uwanja mmoja. FC 24 ilileta PlayStyles, vipaji maalumu vinavyofanya wachezaji wawili wenye alama sawa wacheze tofauti, na ikaingiza wanawake kwenye Ultimate Team, sehemu ya kukusanya kadi za wachezaji na kujenga kikosi. FC 25 ikaja na Rush, mechi ya watano kwa watano, kipa akiendeshwa na kompyuta, pamoja na mfumo mpya wa mbinu uitwao FC IQ. FC 26 imetenganisha mipangilio miwili ya uchezaji: wa kasi kwa mechi za ushindani mtandaoni, na wa uhalisia kwa anayecheza Career, yaani kuendesha klabu au mchezaji msimu hadi msimu. Anayetoka FIFA 22 ya PS4 kwenda FC 26 ya PS5 anapata gemu nyingine kabisa. Anayetoka FC 25 anapata marekebisho.

Kabla ya kuangalia bei, jiulize saa zako nyingi zinakwenda wapi. Ultimate Team hurudi sifuri kila mwaka: kadi, sarafu na kikosi ulichojenga miezi kumi na mmoja havivuki kwenda toleo jipya. Clubs, ambako kila rafiki humwendesha mchezaji mmoja wa timu yenu, inawataka wote wawe kwenye toleo moja. Career unaicheza peke yako, haiishi muda. Mechi za sebuleni zinahitaji pedi mbili na kikosi kisichochekesha. Mpangilio ufuatao umezingatia hayo.

Nafasi ya kwanza: toleo la sasa, kuanzia mwisho wa Novemba

Kwa wanunuzi wengi hili ndilo chaguo bora. Wiki ya Black Friday toleo la kawaida hushuka sana, na punguzo la nusu ya bei si jambo la ajabu, ingawa gemu ina miezi miwili tu sokoni. Kufikia hapo masasisho kadhaa yameshapita. Wiki za kwanza za kila toleo huwa na kitu kilichozidi nguvu, iwe ni aina fulani ya shuti, krosi au mbio za pembeni, na kila mpinzani mtandaoni anakifanya hichohicho mpaka kirekebishwe. Anayeingia Desemba anakuta mchezo umetulia.

Hata Ultimate Team inamfaa aliyechelewa kuliko watu wanavyodhani. Nguvu ya kadi hupanda mwaka mzima: kadi ya dhahabu inayogombewa Oktoba huwa ya benchi Januari, pale kadi maalumu za Timu ya Mwaka zinapotoka, na mwisho wa msimu zile za Timu ya Msimu zinashusha thamani ya karibu kila kitu kilichotangulia. Kwa hiyo sarafu zilezile zinakununulia kikosi kikali zaidi kadiri unavyochelewa. Unachopoteza ni zile wiki za mwanzo ambapo wote wako sawa, na kwa wengine hizo ndizo tamu.

Makosa ya ununuzi hutokea hapa zaidi kuliko kwingine. Angalia toleo la konsoli lililoandikwa kwenye kasha. Diski ya PS4 na ya PS5 zina jalada karibu lilelile, lakini ya PS4 haina HyperMotion na haikutani mtandaoni na wenye toleo la PS5. PS5 isiyo na kisoma diski haitafungua diski yoyote, isipokuwa ni ya aina inayokubali kisomaji cha kununua kando. Kasha la PC mara nyingi halina diski ndani, ni msimbo tu. Ukiwa umeshatumika, umenunua karatasi. Kwa Switch kuwa mwangalifu na matoleo ya FIFA 20 hadi FIFA 23: yaliitwa Legacy Edition, na kilichobadilika ni vikosi na jezi, mchezo ni uleule. PS3 na Xbox 360 nazo zilimalizia maisha yao hivyohivyo mpaka FIFA 19.

Mwenye PC ahakikishe ana gigabaiti 100 za nafasi, RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya picha isiyo chini ya GTX 1050 Ti, hicho kikiwa kiwango cha chini kabisa. Tangu FIFA 23 kuna programu ya kuzuia udanganyifu, EA AntiCheat, inayokaa ndani kabisa ya Windows. Ndiyo sababu gemu haifunguki kwenye Linux wala kwenye Steam Deck, kompyuta ya gemu ya mkononi, iliyoachwa na mfumo wake wa asili. Ukinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, una siku 14 za kurudishiwa fedha ikiwa umecheza chini ya saa mbili. Tumia muda huo kupima kasi ya picha katikati ya mechi, hasa mpira ukiwa wa kona na wachezaji wamejazana. Menyu peke yake haikwambii chochote.

Jumlisha pia gharama ya kucheza mtandaoni. PlayStation, Xbox na Switch zinadai usajili wa kulipia kwa gemu za kununuliwa. PC haidai.

Nafasi ya pili: toleo la mwaka jana au la juzi, kwa wapenzi wa Career na sebule

Kama huchezi mtandaoni, ruka msimu bila wasiwasi. Diski iliyotumika ya toleo la nyuma hupoteza thamani haraka kuliko karibu gemu nyingine yoyote, maana kila mtu anajua mrithi wake anakuja. Ila FIFA zote za zamani ziliondolewa kwenye maduka ya kidijitali mwaka 2023 FC 24 ilipotoka, kwa hiyo hizo utazipata kwa diski tu. Tukipewa kuchagua kwa ajili ya Career, tungeanzia FC 25: ndiyo iliyoingiza ligi za wanawake kwenye Career na kukuruhusu kuanzia katikati ya msimu halisi, timu ikiwa na pointi na majeruhi wake. Ubaya wake ni leseni za Italia: Inter inaitwa Lombardia FC na Milan ni Milano FC. Kwa shabiki wa timu hizo, hilo peke yake linatosha kubadilisha uamuzi.

Gemu ya nyuma inahitaji kuandaliwa. Unganisha intaneti, pakua kikosi cha mwisho kilichotolewa na uhifadhi faili kwenye konsoli. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa seva za matoleo ya zamani huzimwa na baada ya hapo huna pa kupakulia. Kisha ndipo uanze Career. Mpangilio huu una sababu: Career hunakili vikosi siku inapoanzishwa, na sasisho litakalokuja baadaye haliigusi. Wengi huanza kwanza, husasisha baadaye, halafu hudhani gemu imeharibika. Uhamisho wa mchezaji uliokosekana unaweza kuufanya kwa mkono kwenye sehemu ya vikosi ya menyu kuu, nao pia kabla ya kuanza.

Uchovu wa mchezo uleule unatibika kwa vitelezi, vipimo vya kwenye mipangilio vinavyopandisha au kushusha mambo kama mbio na makosa ya pasi. Vyote huanzia 50, na kuna vyako na vya kompyuta. Shusha mbio hadi 46 au 47, pandisha makosa ya pasi hadi 55 au 58 pande zote mbili, kisha cheza mechi tatu kabla ya kugusa kingine. Ukibadilisha vitelezi sita kwa mpigo hutajua kipi kimeharibu. Kompyuta ikipiga pasi kama roboti hata timu ya daraja la chini ikiwa na mpira, tatizo ni makosa ya pasi yake kuwa chini. Hiyo ndiyo kero kubwa ya Career katika matoleo mengi, na hapo ndipo inapopungua.

Nafasi ya tatu: usajili wa EA Play

EA Play ni huduma ya EA ya kulipia kila mwezi, na kwa mwezi mmoja bei yake ni sehemu ndogo ya gemu nzima. Inakupa saa kumi za kujaribu toleo jipya, na ukinunua baadaye maendeleo yako yanabaki. Toleo zima nalo huingia kwenye orodha ya gemu zake msimu wa ligi ukiisha: FC 25 iliingia Juni 2025. PlayStation Plus, usajili wa kulipia wa PlayStation, nayo iliwahi kutoa FIFA 22 Mei 2022 na FC 24 Mei 2024. Anayejua kusubiri mpaka Mei au Juni hupata miezi michache ya mchezo kamili kwa fedha kidogo, kisha mrithi anatoka.

Saa kumi hizo huhesabiwa gemu ikiwa wazi, hata ukiwa kwenye menyu, kwa hiyo funga kabisa unapopumzika. Zigawe hivi: mbili kwa mechi za kawaida, tatu kwa mtandao ili usikie kama kuna ucheleweshaji kati ya kidole na mchezaji, na zilizobaki kwa Career, ukiendesha misimu miwili au mitatu kwa haraka. Hapo ndipo kasoro za Career hujionyesha: timu kubwa iliyojaza makipa wanne, nyota wanaoshuka kiwango mapema, klabu zinazouza bila kununua.

Nafasi ya nne: za bure

eFootball ndiyo PES ya zamani, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami. Konami iliifanya ya bure Septemba 2021, ikaanza vibaya sana, na tangu hapo imepanda. Pasi zake na uzito wa mpira bado vina wapenzi wa kweli, nasi tunaona wana haki. Haidai PlayStation Plus, na ipo pia kwenye simu. Hasara yake ni kubwa kwa mtu mmoja: haina Master League, ile Career ya PES, na bila intaneti ni kama huna gemu. UFL, iliyotoka Desemba 2024 kwa PS5 na Xbox Series, ni ya bure pia na inafaa kujaribiwa, lakini nayo ni ya mtandaoni. Zote mbili zinaishi kwa kuuza vitu ndani, kwa hiyo weka kikomo cha matumizi kwenye akaunti kabla mtoto hajashika pedi.

Anayependa kufundisha kuliko kupiga mpira aitazame Football Manager. Toleo lake la 2025 lilifutwa kabisa Februari mwaka huohuo, na wachezaji wake wakaendelea na FM24 mpaka FM26 ilipotoka Novemba 2025, bila kupungukiwa sana.

Nafasi ya mwisho: bei kamili siku ya kwanza

Ina maana kwa watu wa aina mbili: kundi la Clubs linalohama pamoja siku moja, na mchezaji wa Ultimate Team anayeshindana kila wiki tangu Oktoba. Wote wawili wachukue toleo la kawaida. Toleo ghali la Ultimate linakupa siku saba za mapema na pointi za kununulia pakiti, yaani vifurushi vya kadi za bahati nasibu za Ultimate Team, na pointi hizo ndizo zinazofungua mlango wa matumizi mengine. Kila pakiti ina uwezekano wake ulioandikwa, kwa asilimia. Usome kabla ya kulipa: kadi unazoziona kwenye tangazo mara nyingi zimeandikiwa chini ya asilimia 1. Ubelgiji iliona hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi huko Januari 2019. Badala ya kutoa fedha kwenye pakiti, chuma sarafu kwa subira: cheza mechi, kamilisha malengo ya wiki, kisha mnunue sokoni mchezaji mmoja unayemjua jina, wakati zawadi za mashindano zinapomwagika na bei zinaposhuka.