Saiprasi na paini: msasa wa roli au wa mkononi?

Kwa uso wa meza uliounganishwa kwa gundi, mashine ya roli, ambayo ubao hupita chini ya roli ngumu iliyozungushiwa msasa, inashinda. Paini ina mistari laini na migumu. Mashine ya mkononi, yenye sahani ya sponji, hula ile laini kwanza, uso ukabaki na mawimbi. Roli ngumu hukata yote sawa.

Ila roli na utomvu havipatani. Mbao za Nakuru au Kisumu zilizopasuliwa juzi tu zipange na vijiti katikati zikauke. Zikiingia mbichi, msasa huziba, hupata joto na kuacha mistari ya kahawia, hasa kwenye vifundo. Kwangua gundi iliyofurika. Kwenye roli, anza na msasa namba 80, malizia 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), usizidi hapo. Kila upitishapo, punguza kidogo sana, ubao ukiingia kimshazari kidogo ili msasa usizibe sehemu moja. Msasa ulioziba husafishwa kwa mpira wa kusafishia msasa, roli ikizunguka.

Mashine ya mkononi ni ya miguu, kingo na kumalizia: 120, 150, 180, bila kukandamiza. Mwenye roli pia ataihitaji, kwani roli huacha mikwaruzo mirefu ambayo vanishi huifichua.